Ukishuka chini ya Paris, simu haitakusaidia

Mara ya kwanza kuingia kwenye machimbo ya kale ya Paris nilikuwa na ramani kwenye simu. Nusu saa baadaye maji yako mapajani, simu imelowa, na mwenzangu ananiuliza, "Kaka, kulia au kushoto?" Sikuwa na jibu. Tulitoka kwa bahati tu. Tangu siku hiyo ramani ya humo najichorea mwenyewe, kwa mkono.

Tusidanganyane, kuingia humo ni marufuku tangu 1955 na kuna polisi maalumu wanaozunguka chini. Mimi walininasa mara ya tatu, nikalipa euro 60. Faini inauma, ila kupotea kunaua: Philibert Aspairt, bawabu wa hospitali, alishuka humo peke yake mwaka 1793, na mwili wake ukaonekana 1804. Walimtambua kwa funguo zake. Anayetaka kuonja tu aende kwenye makaburi ya chini pale Denfert-Rochereau, sehemu ya machimbo hayo iliyofunguliwa kwa wageni, akate tiketi, ashuke ngazi 131, atosheke.

Mimi sikutosheka. Nimekulia Kilifi, na timbo ninalolijua liko wazi juani, ukisimama ukingoni unaliona lote. La Paris limefunikwa na mji uliojengwa kwa mawe yake lenyewe, na njia zake zinakaribia kilomita 300. Mwaka 1774 barabara ya rue d'Enfer ilititia, na 1777 mfalme akaunda idara ya kukagua machimbo. Mafundi wake walifuata barabara za juu, wakajenga kuta za kushikilia ardhi, na ukutani wakachonga jina la barabara iliyo juu yao. Penginepo utakuta pia namba, herufi G na mwaka: G ni Guillaumot, mkaguzi wa kwanza. Hiyo ndiyo ramani ya kuaminika. Kumbuka tu kwamba majina ni ya zama zile. Rue d'Enfer ukiitafuta juu leo utaikuta inaitwa avenue Denfert-Rochereau. Kwa hiyo anza na ramani ya zamani ya mji, uisome nyumbani hadi uichoke.

Kuchora kwenyewe kunataka dira, daftari na penseli. Wino hutapakaa kwenye unyevu ule, halafu kuna baridi ya nyuzi 14 mwaka mzima, vidole vinakufa ganzi. Kila njia panda geuka utazame ulikotoka, maana wakati wa kurudi hutaitambua. Tochi ziwe tatu kwa kila mtu. Juu pawe na mtu anayejua saa yenu ya kutoka, na asiwe wa kusema "watakuja tu". Na mkikuta kifusi kipya chini ya dari lililochimbika kama kengele, rudini hapo hapo, hata kama zimebaki hatua kumi mmalize ramani.

Umbali mimi huhesabu kwa hatua. Nilijipima bustanini: hatua 100 zangu ni mita 72. Nikachora usiku mzima kwa hesabu hiyo, nikajisifu, na asubuhi nikauweka mchoro juu ya ramani ya mji. Njia yangu ilikuwa imevuka barabara kuu na kuingia uani kwa watu. Nikakaa nayo siku mbili kabla sijakumbuka: sehemu ile yote nilikuwa nimeinama, na mtu akiinama hatua hufupika. Nikarudi bustanini kujipima upya, nimekunja mgongo, watoto wananicheka.