Jibu: Kwa nini panya hapewi E. koli ya mtoto mgonjwa?

Mkuu, umeuliza kwa nini watafiti wa kuhara wasichukue tu bakteria E. koli ya mtoto mgonjwa wakampa panya. Tatizo ni kwamba haishiki vizuri: panya mzima ana bakteria wake tele tumboni, nao humzuia mgeni. Ndiyo maana hutumika bakteria Citrobacter rodentium, anayewaambukiza panya kiasili. Huyu hujinata kwenye seli za utumbo mpana na kufuta vile vinyweleo vyake vidogo, akitumia intimini na Tir, protini zinazotumiwa pia na baadhi ya E. koli wa kuhara kwa binadamu. Aina ya panya nayo ina uzito mkubwa: panya wa maabara wa ukoo wa C57BL/6 kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache, ila wa ukoo wa C3H/HeJ wengi hufa.

Bakteria Salmonella Typhimurium ni habari nyingine. Peke yake humletea panya ugonjwa wa mwili mzima unaofanana na homa ya matumbo. Panya akitanguliziwa streptomaisini, dawa ya kuua bakteria, siku moja kabla, ndipo utumbo huvimba.

Usingoje kuona choo cha maji kama cha mtoto, mara nyingi kinyesi hulainika tu. Pima uzito kila siku, hesabu bakteria kinyesini, na vipande vya utumbo vitazame kwa hadubini.