Ukizomewa mbele za watu, usijibu kwanza

Tangu nichaguliwe kuwa mjumbe wa bodi ya chama chetu cha msingi cha wakulima wa korosho huku Newala, naulizwa jambo lile lile kila siku. Dada mmoja wa Ruangwa ndiye aliyeliuliza vizuri kuliko wote: "Dada, mimi nikisimama mbele za watu kichwa kinakuwa cheupe, halafu nikirudi nyumbani nawagombeza wanangu bila sababu. Wewe ulifanyaje usitetemeke?"

Nilitetemeka, mdogo wangu. Karatasi ilikuwa inapiga kelele mkononi. Ila safari hii nilijua mwili wangu unafanya nini, na nilijua nikae na nani kabla na baada.

Misimu kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa mizani. Kwenye korosho, karani wa mizani hana rafiki: mkulima anaona unampunja, bodi inaona unawabeba wakulima. Kwenye mkutano mkuu nikapewa kusoma taarifa ya unyaufu, zile kilo zinazopotea korosho zikikauka ghalani. Hesabu zote nilizifanya mwenyewe. Hata sijafika ukurasa wa pili akasimama mzee mmoja, mtu tunayemheshimu ukoo mzima, akasema: "Unyaufu gani huo unaojenga nyumba za makarani? Tuambie wewe binti, kilo zetu umezila na nani?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akainamia simu yake. Mimi nimesimama, mdomo mkavu, namba zimekimbia zote, naangalia tu wino wa mhuri kwenye kidole gumba. Nyumba yenyewe sina, nilikuwa napanga chumba! Jibu hilo peke yake lingemnyamazisha. Lilinijia usiku, nimeshalala.

Baadaye ndipo nikasoma na kuelewa. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, kazi yake kunusa hatari. Ikishtuka haisubiri ushauri. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mate yanakauka. Nyuma yake inakuja kotisoli, homoni ya mfadhaiko, ambayo hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 tangu jambo lianze. Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, hii iliyo nyuma ya paji la uso, inayoshika namba, kupanga maneno na kuzuia ulimi, inalegea. Ukikutana na nyoka unapopalilia mikorosho, mpango huo unakuokoa. Mbele ya mkutano mkuu unakuaibisha.

Na asikwambie mtu kwamba aibu ni jambo la kudeka. Mwaka 1993 Clemens Kirschbaum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo maabara nyingi bado zinalitumia. Unapewa dakika chache za kujiandaa, unahutubia watu walioelekezwa wasikuonyeshe hata tabasamu, kisha unahesabu kurudi nyuma kuanzia 1,022 ukitoa 13 kila mara. Ukikosea, unaanza upya. Hakuna anayekugusa, lakini kotisoli inapanda kweli kweli. Niliposoma nikasema hawa wamewahi kuhudhuria mkutano wetu.

Kilichoniuma zaidi kilikuja siku zilizofuata. Mama wa maandazi akichelewa kunipa chenji, naona ananidharau. Mume wangu akinyamaza, naona naye amewaamini. Ubongo ulioshtuka unatafuta adui, na usipomwona unamtengeneza kutoka kwenye uso wowote usiosema kitu. Dada yangu wa Ruangwa, mwanao ameuliza tu daftari liko wapi. Wewe umesikia lawama.

Watu wakanishauri nijifungie ndani nitulie. Ushauri huo siupendi mpaka leo. Mwaka 2000 Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzake, walieleza kwamba kupigana na kukimbia si njia pekee za aliyebanwa. Wapo, hasa wanawake, wanaoelekea kutunza wanao na kujisogeza kwa wenzao. Mimi nilijisogeza kwa wifi yangu. Hakuniuliza kitu. Alinisukumia sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, tukawa tunamenya, yeye anavua ganda kwa ukucha wa kidole gumba huku ananisimulia mbuzi wa jirani aliyekula pindo la kitenge kwenye kamba. Nilicheka mpaka kifua kikaachia.

Ila mtu wako mchague vizuri. Mwaka 1995 kundi hilo hilo la Kirschbaum liliwapa watu hotuba za kutoa, wengine wakiwa na wapenzi wao pembeni wakati wa kujiandaa. Wanaume waliosaidiwa na wapenzi wao, kotisoli haikupanda sana kama ya wenzao wasiosaidiwa. Wanawake waliosaidiwa na wapenzi wao wa kiume haikupungua, ilielekea hata kuzidi. Waume mnaosoma hapa msininunie. Wangu nampenda, lakini asubuhi ya mkutano wa uchaguzi mwaka huu alianza kunisahihisha hotuba na kilemba kwa pamoja. Nikaenda kwa wifi.

Mwaka huu nilifika ukumbini mapema na kusalimia watu, kwanza wale nisioelewana nao. Yule mzee nilimfuata alipokaa, nikampa shikamoo, tukaongea habari za ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na salfa ya kuupulizia iliyochelewa. Hilo nalo sikulibuni. Mwaka 2015 Jeffrey Mogil na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba mfadhaiko wa kuwa na mtu usiyemjua unazuia kuyahisi maumivu yake, na dakika 15 tu za kucheza pamoja mchezo wa muziki zinatosha kuulegeza.

Mzee akasimama tena, bila shaka. Nikashika kalamu, nikaandika swali lake neno kwa neno, polepole, huku natoa pumzi ndefu. Pumzi ndefu ya kutoka inapunguza mbio za moyo. "Mzee wangu, swali lako nimeliandika. Nitalijibu nikimaliza." Nilipomaliza nikalijibu kwa namba, gunia kwa gunia. Kura zikapigwa, nikapita. Nilimtazama usoni, sitasema uongo. Mpaka leo hajaniomba radhi.

Kwa hiyo mabinti mnaotaka uongozi, nisikilizeni. Mtu akikuchafua kwenye kundi la WhatsApp, weka simu chini zaidi ya nusu saa. Usijibu. Nenda kakae na mtu anayekufahamu, muongee mengine. Usijibu, narudia, maana najua mnapenda kujibu. Lakini kama hulali wiki kwa wiki na chakula hakipiti, hilo si la wifi tena, nenda hospitali.

Na wewe wa Ruangwa, usisubiri uchaguzi. Waliorudishwa kwenye lile jaribio la Trier siku zilizofuata, wengi wao kotisoli haikupanda sana kama mara ya kwanza. Mkutano wa kijiji unaokuja, uliza swali moja dogo, hata la bomba la maji. Mkutano mwingine, lingine. Ukitoka pitia kwanza kwa mtu wako, ndipo uende kwa watoto. Siku ukichukua fomu niambie, nitakuja nikae mstari wa mbele. Nauli ninayo.