Mwimbaji sikio moja, gita sikio jingine: CD ni mbovu?

SWALI: Nina boksi la CD za stirio (kila sikio na sauti zake) la bendi ya The Beatles, lile la remasta, yaani rekodi zilizosafishwa upya, za mwaka 2009. Nikivaa hedifoni na kupiga albamu mbili za mwanzo, waimbaji wako kulia, gita na ngoma kushoto. Je, CD ni mbovu? Nikibonyeza mono (sauti zote pamoja, sawa masikio yote mawili), si nitapata kilekile kilichomo kwenye boksi lake jingine, la mono?

JIBU: CD zako ni nzima. Please Please Me na With the Beatles, zote za 1963, zilirekodiwa kwenye tepu ya njia mbili tu: ala njia moja, waimbaji njia nyingine. Lengo lilikuwa mono. Mafundi wa studio za Abbey Road walitenganisha hivyo ili baadaye wapime sauti ya mwimbaji dhidi ya ala, kisha wachanganye vyote pamoja. Remasta huanzia kwenye miksi (mchanganyiko wa sauti zote) iliyokwisha kukamilika: fundi anagusa besi, makali ya juu na mikwaruzo, ila mwimbaji hahami. Kumhamisha ni kazi ya kumiksi upya. Kuanzia A Hard Day's Night (1964) njia ni nne, na kero inapungua.

Kwenye simu, mono iko ndani ya mipangilio ya ufikivu. Kama amplifaya yako haina kitufe cha mono, tafadhali usiunganishe nyaya za spika za kushoto na kulia; kila upande utasukuma umeme kwenye mwenzake na unaweza kuiunguza amplifaya.

Kitufe cha mono kinatuliza masikio, lakini miksi inabaki ileile ya stirio, si ile ya boksi la mono. Sikiliza ubeti wa mwisho wa wimbo “Please Please Me”: kwenye miksi ya stirio mwimbaji John Lennon anakosea maneno, kwenye miksi ya mono hakosei. Wimbo “Help!” nao una uimbaji tofauti kabisa katika mono.

Ukilinganisha maboksi hayo mawili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. CD za stirio zilibanwa kidogo (sauti za juu zilipunguzwa ili zote zisikike kubwa), za mono hazikubanwa, hivyo zinasikika chini na sikio huzidhania dhaifu. Ziongeze.

Kwa albamu za mwanzo, chukua boksi la mono bila kusita. CD zake za Help! na Rubber Soul zina pia miksi asilia za stirio za 1965. Kwa albamu hizo mbili, boksi lako la stirio limebeba miksi alizozirudia prodyuza wao George Martin kwa ajili ya CD za 1987. Albamu ya Abbey Road usiitafute kwenye boksi la mono, haikuwahi kumiksiwa kwa mono.