Eti kirusi hakichagui tajiri wala maskini?

Ndugu, umesema korona haikuchagua tajiri wala maskini. Kirusi chenyewe hakichagui, sawa, lakini watu hawakukutana nacho katika hali moja. Mwaka 2020, katika nchi nyingi watu waliambiwa wakae nyumbani. Wa kazi za kompyuta walikaa. Dereva wa basi, mlinzi na mfagiaji wa wodi wangekaaje? Na ukiwa nyumbani mko sita chumba kimoja, mgonjwa unamtenga wapi?

Tazama Singapore: mwaka huohuo sehemu kubwa mno ya maambukizi ilitokea kwenye mabweni ya vibarua wa kigeni, waliolala kwa kubanana, huku mitaa mingine ikiguswa kidogo tu. Uingereza nako, walinzi wa kiume walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa viwango vya juu zaidi.

Kisukari na presha viliongeza hatari, na katika nchi nyingi zilizoendelea magonjwa hayo huwaandama zaidi wenye kipato kidogo (tusiseme ni uzembe wao). Chanjo nayo, baadhi ya nchi tajiri, Kanada mojawapo, ziliagiza dozi nyingi kuliko zilizohitajika kuwachanja raia wao wote huku kwingine wahudumu wa afya wakisubiri.