Jibu: BBS inatuma Telegram ila majibu hayarudi

Mambo mkuu, salamu toka Nyegezi. Nimekusoma, Synchronet yako (programu ya kuendesha BBS, yaani ubao wa ujumbe ambao watu wanauingia kwa kompyuta) iko hapo Igoma kwenye modemu ya laini ya simu, ujumbe unafika grupu la Telegram fresh ila watu wakijibu kule, kwenye BBS hakuna kitu.

Anza na boti, ile akaunti ya Telegram inayoendeshwa na programu, kabla hujagusa skripti inayounganisha BBS na Telegram. Boti kwenye grupu kwa kawaida inaona amri za mkwaju (zinazoanza na /) na majibu ya ujumbe wake tu, maongezi mengine haioni, so nenda BotFather, boti ya Telegram ya kusimamia boti, uzime setprivacy alafu uitoe boti kwenye grupu na kuirudisha, hapo ndo wengi wanasahau, au ipe uadmini tu.

Ikigoma bado basi ni webhook, yaani ile njia ya Telegram kuleta ujumbe yenyewe kwenye seva yako. Laini hizi za simu mara nyingi hazikupi IP ya umma (anwani inayofikika toka nje), Telegram haina pa kubisha hodi. Tumia getUpdates, seva yako ndo inaenda kuulizia, yangu inapiga kazi hivyo na hata umeme ukikatika ikiwaka inaokota meseji zilizosubiri maana Telegram wanazitunza hadi masaa 24. Futa webhook kwanza kwa deleteWebhook, havifanyi kazi pamoja.

Zikianza kuingia utakuta herufi za ajabu, terminali nyingi za BBS zinasoma herufi kwa mfumo wa zamani wa CP437 na Telegram inatuma kwa mfumo wa UTF-8, badilisha kabla ya kuposti. Ujumbe wa kwenda Telegram futa kodi za rangi za ANSI (alama ambazo BBS inapakia rangi), ujumbe usizidi herufi 4096.

Ukikwama weka hapa kinachorudi kwenye getUpdates, ila tokeni, ule ufunguo wa siri wa boti, usiioneshe kabisa.