Saitokini: kiashiria, ishara au mjumbe?

Muuguzi mmoja wa Moshi ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandaa kipeperushi cha ndugu wanaouguza wagonjwa ambao fangasi imewafika kwenye ubongo. Nimekwama kwenye saitokini. Mwenzangu anataka 'viashiria vya kinga', mimi naona 'ishara za kinga'. Lipi sahihi? Halafu fangasi ni imeingia, zimeingia au wameingia?"

Marahaba, sista. Nianze na viashiria, maana hilo ndilo litakalowapoteza wasomaji. Kiashiria ni kitu unachokitazama ili ujue jambo jingine. Wingu zito juu ya mlima ni kiashiria cha mvua. CD4, yaani seli za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, zikishuka ni kiashiria kwamba kinga imedhoofu. Chenyewe hakifanyi lolote, anayefanya kazi ni anayekitazama. Saitokini haikai ikitazamwa. Ni protini ndogo inayotolewa na seli moja, ikaifuata seli nyingine na kuibadilisha mwenendo. Hata jina lake, lililobuniwa mwaka 1974, limetoka kwenye maneno ya Kigiriki ya seli na mwendo.

Ishara yako iko karibu zaidi na ukweli, ila nayo ina upungufu. Nikikupungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, umeipata ishara yangu, lakini hakuna kitu kilichotoka kwangu kikaja kukugusa.

Kwa miaka mingi nililipenda neno mbiu. La mgambo likilia lina jambo, na saitokini nyingi kweli hulia hivyo: interleukini 17, kwa mfano, huita ulinzi kwenye utando wa kinywa fangasi iitwayo kandida inapotaka kuota. Ila mbiu huita tu. Iko interleukini 10, ambayo kazi yake kubwa ni kutuliza, na sijawahi kusikia mbiu ya kuwaambia watu warudi nyumbani.

Kwa hiyo nasema mjumbe. Mjumbe wa nyumba kumi kila mtu anamjua: leo anabisha hodi kukuita kwenye kikao, kesho anapita kusema kikao kimeahirishwa. Jina la kitaalamu libaki saitokini, maelezo yawe "wajumbe wa kinga". Chunga upatanisho tu: saitokini hizi zimetumwa, wajumbe hawa wametumwa. Nimeshaona "saitokini hawa", na hapo msomaji hudhani ni wadudu.

Ningekuwa mimi, sehemu hiyo ningeiandika hivi: "Kriptokokasi ni fangasi inayovutwa kwa pumzi. Kinga ikishuka sana, hutoka kwenye mapafu na kusafiri na damu mpaka kwenye utando wa ubongo. Seli za kinga hutumiana wajumbe waitwao saitokini. Mmoja wao, interferoni gama, huziamsha seli zinazomeza vimelea ili ziue kile zilichokimeza. Wajumbe hao wakipungua, fangasi hustawi. Wakimiminika kwa mkupuo, ubongo unaweza kuvimba. Ndiyo maana mgonjwa wa VVU ambaye hajaanza ARV hutibiwa fangasi kwanza, na ARV husubiri wiki 4 hadi 6." Sentensi hiyo ya mwisho usiikate hata nafasi ikibana. Ndugu asiyeijua atadhani mgonjwa wake amenyimwa dawa.

Kuhusu ngeli, mimi huandika fangasi imeingia, na zikiwa aina nyingi, fangasi zimeingia. Anayesema "fangasi wa miguuni" anawaza vijidudu, simlaumu. Lakini uyoga nao ni jamii ya fangasi, na hakuna anayesema uyoga ameota. Chagua moja, uishike mpaka nukta ya mwisho.

Kinachonisumbua zaidi ni neno fangasi lenyewe. Nilikuwa wodini kumwona jamaa yangu, na kitanda cha jirani alikuwapo mama aliyeshuka kutoka Kibosho kumuuguza mwanawe. Akaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba kijana ana fangasi kichwani. Mama hakuuliza kitu. Daktari alipoondoka, alifunua shuka upande wa miguuni, akaanza kuvipanua vidole vya mwanawe kimoja kimoja, akakagua mpaka chini ya kucha. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, mbona miguu yake ni safi?"

Wataalamu watakushauri uandike "fangasi vamizi", kwa mfano wa mimea vamizi. Ni neno zuri, liache kwa ripoti. Kipeperushi chako kianze hivi, kwa herufi kubwa: "Fangasi hii si ile ya vidole vya miguu. Hii imepenya ndani ya mwili."