Kabla ya kuongeza betri ya pili kwa ajili ya muziki wa gari, pima kwanza volti kwenye amplifaya

Mkuu uliyeandika kutoka Tabora, nimekuelewa hivi: una Noah, umefunga wufa (spika za besi) mbili za inchi 12 na amplifaya iliyoandikwa wati 3000, na kila besi ikigonga taa za mbele zinafifia. Fundi mmoja amekwambia uweke betri mbili za N70 (za ampea-saa 70 hivi kila moja) kwenye buti, mwingine amekwambia kapasita (kifaa kinachotunza umeme kidogo na kuutoa kwa haraka) inatosha, na unataka kujua yupi yuko sahihi. Usinunue chochote kwanza. Tafuta multimita (kipimo cha umeme), hata ile ya bei ndogo kabisa, halafu endelea kusoma.

Mimi niko Kigoma. Kabla sijaingia kwenye muziki wa gari nilikaa miaka sita pale mwaloni Kibirizi nikichaji betri za wavuvi wa dagaa. Zamani walivua kwa karabai, siku hizi ni taa za LED, na taa zinataka betri. Betri inaingia ziwani jioni imejaa, inarudi alfajiri imeliwa, mchana iko kwangu kwenye chaja. Baadaye nikanunua Hiace, nikafunga honi nne juu na wufa mbili ndani, na sasa natembeza matangazo: mikutano, minada, chanjo, misiba, na siku timu ya Mashujaa inapocheza uwanja wa Lake Tanganyika.

Wavuvi nawataja kwa sababu moja. Mvuvi anakula umeme usiku na kuulipa mchana. Kwenye gari unakula na kulipa kwa wakati uleule, na mlipaji ni mmoja tu, alternata, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme. Betri hata ziwe tano hazizalishi umeme, zinautunza. Kwa hiyo swali la kwanza ni alternata yako inalipa kiasi gani, na je, malipo yanafika kwenye amplifaya au yanapotelea njiani.

Njia ndiyo ninayoanza nayo kila gari linapoletwa kwangu. Washa injini, zima muziki, gusisha multimita kwenye vichwa vya betri. Ukisoma kati ya 13.8 na 14.4, alternata inachaji. Ukisoma chini ya 13.5, angalia mkanda, brashi na alternata yenyewe kabla ya jambo lingine lolote. Kisha fungulia muziki kwa sauti unayopenda, uchague wimbo wenye besi inayovuta kwa muda, maana multimita ni nzito kufuata besi ya kugonga na kuachia. Soma tena kwenye betri. Halafu peleka nyaya za multimita kwenye amplifaya yenyewe, chanya na hasi pale zinapoingia, usome mara ya tatu.

Mfano niliokutana nao mwezi uliopita kwenye gari la kijana wa Mwanga, hapa Kigoma: betri 13.6, amplifaya 12.0. Volti 1.6 zimeliwa na waya. Huyo naye alikuwa ameshauriwa kuongeza betri nyuma. Angeiweka, taa zingetulia wiki mbili tatu, kisha ugonjwa ungerudi, kwa sababu betri ya nyuma ingechajiwa kupitia waya uleule mbovu na isingejaa vizuri muziki ukipigwa.

Waya una hesabu yake, na hesabu haibembelezwi. Waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 100 unapoteza karibu volti 0.9. Wa milimita 25 unapoteza 0.35. Wa milimita 50 unapoteza chini ya 0.2. Hapo ni upande wa chanya peke yake, upande wa bodi nao una upotevu wake. Na hiyo ni shaba halisi. Nyaya nyingi nene zenye rangi nzuri zinazouzwa kwenye seti za kufungia amplifaya ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, umenunua plastiki nene na aluminiamu. Mimi natumia waya wa mashine ya kuchomelea. Ule wa shaba tupu, nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, unapinda bila kuvunjika.

Upande wa hasi mafundi wengi wanaupuuza, na ndipo nilipokuta nusu ya matatizo. Waya mnene wa hasi unafungwa kwenye skrubu ya kiti, juu ya rangi! Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti na nati yake, kaza, kisha paka grisi juu ili kutu isiingie. Halafu rudi mbele kwenye boneti, ongeza nyaya nene tatu: kutoka alternata kwenda chanya ya betri, kutoka hasi ya betri kwenda bodi, na kutoka injini kwenda bodi. Zile za kiwandani hazikuwekwa kwa ajili ya amplifaya kubwa. Kwa kijana wa Mwanga kazi ilikuwa hiyo tu pamoja na waya wa milimita 35 kwenda nyuma. Amplifaya ikapanda kutoka 12.0 hadi 13.3, na hakununua betri.

Kuhusu wati 3000, usisome boksi, soma fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Tuseme kuna mbili za ampea 30. Jumla 60, zidisha kwa volti 13.8 unapata wati 828 zinazoingia. Amplifaya ya daraja D, ambazo ndizo zinazotumika sana kwa wufa, inageuza karibu asilimia 80 kuwa muziki na iliyobaki inakuwa joto, kwa hiyo utapata wati 660 hivi. Ya daraja AB inabaki kwenye nusu au zaidi kidogo. Sisemi amplifaya yako ni mbaya, wati 660 za kweli zinatikisa Noah vizuri. Nasema usipange betri na nyaya kwa namba iliyoandikwa ili kuuza. Tena ukumbuke, ukiongeza wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu. Sikio linatambua tofauti, lakini halisikii mara mbili. Ili lisikie mara mbili unahitaji wati karibu mara kumi.

Kapasita sasa. Ile ya faradi 1, ikishuka kutoka volti 14 hadi 12, inatoa juli 26. Amplifaya inayovuta wati 1000 inazimaliza kwa sehemu 26 za elfu za sekunde. Besi moja haijaisha! Baada ya hapo kapasita nayo inasubiri alternata iijaze. Hela hiyo nunua waya.

Upande wa alternata nitakueleza yaliyonipata, maana nililipia. Hiace yangu ilikuja na alternata yenye kibandiko cha ampea 70. Nikajiambia 70 zinatosha. Sikujua kwamba 70 ni wakati injini inazunguka kwa kasi ya safari. Gari la matangazo linatembea mwendo wa mtu, sailensa (injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta) karibu muda wote. Nilipokuja kupima kwa klampu (kipimo cha ampea kinachobana waya) nikakuta inatoa 32 tu. Gari lenyewe lilikuwa linakula 17: pampu, feni ya rejeta, mifumo ya injini. Zikabaki 15, wakati muziki wangu ulikuwa unavuta wastani wa 30. Alternata ikawa inafanya kazi kwa nguvu zake zote huku feni yake yenyewe ikizunguka polepole, bila hewa ya kuipoza. Siku moja ya Septemba, jua la saa nane, kati ya Mwanga na Ujiji, dayodi zake zikaungua. Nilikuwa nimebeba tangazo la msiba. Nikasukumwa na vijana hadi kivulini, na tangazo likachelewa kufika kwa ndugu waliokuwa wanalisubiri. Hilo liliniuma kuliko gharama ya alternata.

Kwa hesabu hiyo ndipo betri za ziada zikapata maana kwangu. Pungufu la ampea 15 kwa saa nne ni ampea-saa 60. N70 mbili nyuma ni kama 140 zikiwa mpya, kwa hiyo natumia asilimia 43 na kurudi nyumbani nikiwa bado juu ya nusu. Betri ya maji ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku haimalizi mwaka. Usiku naichaji kwa umeme wa nyumbani, chaja ya ampea 10, kuanzia saa moja jioni mpaka alfajiri, kama nilivyokuwa nikiwafanyia wavuvi. Betri zangu hazikuongeza sauti hata kidogo. Zilininunulia saa nne za kutembea polepole. Kama wewe unapiga muziki ukiwa barabarani, injini ikiwa na mzunguko, huna shida niliyokuwa nayo. Kama unataka kuegesha uwanjani na kupiga muziki injini imezimwa, hapo ndipo betri zinahitajika, na lazima ujue utazijaza wapi.

Usichanganye betri. Hili nakuomba kabisa. Mwanzoni nilikuwa na betri mbili za mvuvi aliyeacha kazi, nikaziunganisha na N70 mpya. Moja ilikuwa na seli iliyokufa, ikisimama kwenye volti 10.5. Mpya ikawa inaimwagia chaji usiku kucha, na ndani ya miezi miwili zote zikawa za kuuza chuma chakavu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, niliona betri nyingi zikirudi Agosti hazishiki chaji, kwa sababu ziliwekwa ndani zikiwa nusu. Betri ikikaa na njaa, salfeti inaota kwenye sahani zake na haitoki. Kwa hiyo nunua mbili kwa pamoja, aina moja, ukubwa mmoja, na kama vifuniko vinafunguka pima kila seli kwa haidromita: 1.265 imejaa, 1.190 iko nusu, na seli moja ikiwa mbali na wenzake usiichukue. Ukiziunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, waya wa chanya wa kwenda kwenye amplifaya utoke kwenye betri ya kwanza na wa hasi utoke kwenye ya pili, ili zichoke sawasawa.

Kati ya betri ya mbele na za nyuma weka relei (swichi ya umeme) inayojifunga yenyewe volti zikifika 13.3 na kuachia zikishuka 12.8. Utapiga muziki mpaka za nyuma ziishe na gari bado litawaka. Na fyuzi ziwe mbili, moja karibu na betri ya mbele, nyingine karibu na ya nyuma, zisizidi sentimita 30 kutoka kwenye kichwa cha betri. Watu wanaweka ya mbele wanasahau ya nyuma. Betri zikiwa pande zote mbili, waya ukikatika ngozi katikati na kugusa bodi, moto unatoka pande zote mbili. Gari la jirani yangu Gungu liliungua zulia na viti namna hiyo, watoto walikuwa wameshuka dakika chache kabla. Waya wa milimita 25 upe fyuzi ya ampea 125, na kila unapopita kwenye tundu la chuma weka raba.

Noah yako buti na abiria ni chumba kimoja, na betri ya maji ikichajiwa inatoa hidrojeni na mvuke wa asidi. Usiiweke humo. Ikibidi betri ya ndani, nunua ya AGM iliyofungwa, isiyotiwa maji, uifunge kwa chuma isiruke ukipiga breki. Lithiamu ni nzuri na nyepesi, lakini inanyonya chaji bila kusita na inaweza kuiua alternata ndogo. Haiungwi moja kwa moja na ya asidi, inataka chaja yake maalumu katikati.

Jambo moja dogo nje ya swali. Volti zikishuka na wewe ukaongeza geini, ile ya kukuza sauti kwenye amplifaya, kufidia, amplifaya inakata vichwa vya mawimbi na koili za wufa zinaungua hata kama ni kubwa. Harufu ya koili ukishaisikia, imekwisha. Punguza geini mpaka sauti iwe safi, na masikio ya watoto wa kiti cha nyuma uyahurumie.

Ukishapima, niletee namba tatu: volti kwenye betri muziki ukiwa umezimwa, volti kwenye betri besi ikivuta, na volti kwenye amplifaya kwa wakati huohuo. Weka pia picha ya fyuzi za amplifaya na ya kibandiko cha alternata. Nikiziona hizo nitakwambia waya wa milimita ngapi na kama kuna betri ya kununua.